Wodi Isiyo na Mlango

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio zenu. Leo sauti yangu si ile mliyoizoea. Nina hasira. Fundi mitambo wangu hapa kaniambia ninywe maji kwanza. Nimekunywa, na hasira iko palepale.

Tunamkumbuka mama mmoja aliyezikwa juzi. Kazini walimwita Mama Beseni. Alikuwa mchoraji wa ramani za majengo, na ndiye aliyetunza kompyuta za wachoraji wenzake wote. Nasema tena, maana kuna watu wamejifanya kusahau: kompyuta zote za ofisi ile zilikuwa mikononi mwake.

Kwa nini Beseni? Programu yao ya kuchorea ilitumika kwa mtandao. Milango, madirisha, mabomba, vyote vilikaa kwenye kompyuta kuu, na kila mchoraji alivichota huko. Likija toleo jipya, lazima liingizwe kwenye mashine zote, na mtu asifungue mchoro mpaka mashine ya mwisho imalize. Haya, jaribu kuwaambia wachoraji wasiguse kitu! Basi mama huyu alishika beseni la plastiki, akapita meza kwa meza akikusanya vipanya vya kompyuta. "Leteni hapa! Nawajua nyinyi, mikono yenu haina adabu." Watu walicheka, wakatoa.

Mumewe, ambaye ni seremala, ameniambia, "Hata nyumbani alikuwa hivyohivyo. Akiweka keki jikoni anasimama pale kama askari. Hakuna kuchungulia mpaka iive. Mimi mwenyewe nilishafukuzwa."

Sasa nisikilizeni vizuri. Siku ya kuingiza toleo jipya la mwisho, bosi naye alitoa kipanya chake, tena kwa tabasamu. Kumbe alikuwa na kingine kwenye droo! Mama Beseni alipoingia chumba cha pili, bosi akafungua ramani ya wodi ya wazazi, akasogeza ukuta mmoja, akahifadhi. Kompyuta kuu ilikuwa bado katikati ya kazi, milango na madirisha hayajarudi ndani yake. Mchana mteja akafika, wakamwonyesha ramani yake. Wodi haikuwa na mlango hata mmoja. Kuta tupu! Mama mjamzito angeingilia wapi? Dirishani? Hata madirisha hayakuwepo.

Mama Beseni hakubabaika. Akasema, "Ninayo nakala ya asubuhi. Nipeni muda kidogo tu, vyote vitarudi." Nakala ilikuwepo, wasikilizaji. Hakikupotea kitu. Lakini bosi alishaona aibu inamjia, akaisukumia kwa mwingine. Akamnyooshea kidole mbele ya mteja: "Huyu ndiye aliyeharibu. Kuanzia sasa hana kazi hapa."

Nimeyajuaje haya? Mchoraji mwenzake, anayekaa mkabala na bosi, alinivuta kando makaburini. "Nilimwona bosi kwa macho yangu," akaniambia. "Nikanyamaza. Nina watoto, dada yangu." Tena alinong'ona! Kaka, pale makaburini ulikuwa unamwogopa nani? Mama Beseni naye alikuwa na watoto. Nilimwuliza mchoraji huyo kama naweza kuyasema hewani. Akakubali kwa kichwa, bila kunitazama usoni.

Baada ya siku ile, kila ofisi aliyoomba kazi ilikuwa imeshapigiwa simu: huyo mama anaharibu michoro. Akabaki nyumbani, akimchorea mumewe makabati. Alipoulizwa kilichotokea, alisema tu, "Yaacheni." Mtu aliyekuwa na maneno kama yale! Kisha moyo ukasimama. Sisemi bosi alimuua, mimi si daktari. Nasema amekufa na jina lililochafuliwa, na aliyelichafua anajijua.

Jana ofisi hiyo ilituletea rambirambi tuisome. Imeandikwa alikuwa "nguzo ya kampuni". Nguzo! Mliyoing'oa wenyewe mchana kweupe. Siisomi. Irudisheni ikiwa na neno "tulimsingizia", nami nitaisoma asubuhi, mchana na jioni.

Kwa mume wa marehemu, kwa watoto wake, kwa ndugu na jamaa wote, poleni sana. Mungu awape subira. Na wewe unayenisikiliza ukiwa kazini, unayemwona mwenzako akibebeshwa kosa lisilo lake: unasubiri nini? Unasubiri afe, ndipo uje kuninong'oneza mimi?

Nimebakiwa na mtu mmoja wa kumpa pole, naye ni mama mzazi wa marehemu. Mume wa marehemu ameniambia, "Mama mkwe aliniuliza pale msibani, 'Baba, hivi ni kweli mwanangu aliharibu kazi ya watu?' Nilishindwa kumjibu. Nilikuwa sijui."

Mama, shikamoo. Mkweo ameniahidi kwamba atakuwa amekaa nawe, na redio iko wazi. Jibu lako ni hili. Si kweli. Mwanao hakuharibu kitu. Aliyeharibu ni bosi wake, na mwanao ndiye aliyekuwa na uwezo wa kurekebisha, wakamkatalia. Kama hukusikia vizuri, mama, narudia: mwanao hakuharibu kitu.