Amplifaya Iliyoshonwa

Basi lilipoondoka, mwalimu wa fizikia alimwona fundi cherehani aliyekaa mbele yake amepakata amplifaya isiyo na mfuniko, na fundi redio wa makamo pembeni yake akiichungulia bila haya.

“Nimeiunga mwenyewe kwa vipande vya dukani, kaka. Inavuma kama nyuki. Baba haoni, redio ndiyo macho yake, na huo mvumo unampasua kichwa. Naenda kuirudisha dukani.”

“Ukishusha sauti hadi mwisho, inavuma?”

“Inanyamaza kabisa.”

Mwalimu alifunga kitabu. Swali hilo lilikuwa na akili kuliko mtihani aliotunga jana.

“Basi yenyewe ni nzima, dada. Mvumo unaingia na waya wa redio. Hebu nione. Lo! Nani kazishona hizi nyaya?”

Fundi cherehani alikuwa amezifunga zote pamoja kwa uzi, mishono imenyooka kama ya suti, waya wa redio ukiwa umeulalia wa umeme.

“Mimi siachi kitu kikining'inia.”

“Ndilo kosa lenyewe; wa umeme unauambukiza wa redio mvumo. Fumua, uzitenganishe.”

Fundi cherehani alishusha pumzi, kisha akacheka. “Na nilivyomtukana muuzaji!”

“Sasa ukiongeza kapasita kubwa, besi…”

“Weee! Baba anasikiliza habari, si dansi.”

“Hata habari zinataka besi.”

“Hazitaki!”

Mwalimu alikuwa na jibu, ila hakuulizwa. Basi liliposimama walishuka wakibishana, na fundi cherehani, mkasi mkononi, akavuka barabara kungojea basi la kurudi nyumbani.