Jogoo wa Raba na Shimo la Tatu

Saa nne asubuhi, benchi la nje ya kibanda cha Mama Kahawa lilikuwa limejaa wenyewe, na simu moja inapita mkono kwa mkono. Simu ni ya Dada Vitufe, mtunzi wa michezo ya kompyuta, na ndani yake jogoo aliyevaa raba anakimbia juu ya mapaa kama kachomwa mkia. Hatua mbili za mchezo huo alizotunga Dada Vitufe kampuni imezikataa. Hii ya tatu inatakiwa ofisini saa sita, na ikikataliwa nayo, kazi ndiyo kwa heri. Kaileta benchini ijaribiwe, akijua fika kwamba hawa watu hawakubaliani hata mvua ikiwa inawanyeshea. Sheria wakaweka moja tu: ukifa, pisha.

— Nimekufa! akapiga kelele Mjomba Bomba, fundi wa mabomba, kaka wa mama yake Dada Vitufe. — Shimo la tatu tena! Mpwa wangu, hatua nzuri ni bomba. Maji yakishaingia hayasimami kuuliza njia. Kila kona iyasukume mbele. Wewe hapa umempigisha jogoo breki!

— Kila kitu kwako bomba, Kinyozi wa kibanda cha jirani akamdakia huku akimpokonya simu. — Hata siku ya harusi ulisema mke ni bomba.

— Na sikukosea!

— Kinachotakiwa ni njia mbili. Ya juu kwa wenye vidole vyepesi, ya chini kwa akina sisi. Ukiikosa kamba ya juu, unaangukia ya chini, mbio zinaendelea. Mtu asione ameonewa, aone amebahati... Nimekufa.

— Lete hapa, akasema Mama Kahawa, birika mkono wa pili. — Mbio bila pumziko ni ugomvi. Baada ya hilo shimo weka kibanda. Jogoo akae, anywe kahawa, aulize habari za nyumbani.

— Jogoo anywe kahawa?

— Raba kavaa, kahawa ndiyo itamshinda?

Dada Vitufe akacheka mpaka akashika mbavu, kisha woga ukamrudia. Saa tano na robo. Daftarini alikuwa na mashauri kumi na moja, na hakuna mawili yanayopatana.

— Mjomba, niambie ukweli. Niipeleke, nisiipeleke?

— Usithubutu! Ongeza kasi kwanza. Jogoo akimbie mpaka kivuli kibaki nyuma kinamwita.

— Kasi gani hiyo ya kitoto? Kinyozi akabeza. — Kasi ya kweli, jogoo afike kabla hajaondoka. Afike, akute bado yuko nyumbani anatafuta raba, ajisubiri.

— Akijisubiri ndiyo anywe kahawa, Mama Kahawa akasisitiza. — Aa, nimekufa! Shimo lile lile!

— Zamu yangu! akadai Mjomba Bomba.

— Yako imepita, Kinyozi akamzuia. — Umekufa mara kumi na tisa!

— Kumi na nane! Usinizidishie vifo!

Hapo akatokea mwanamume mwenye taulo shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado kichaka.

— Samahanini wakubwa. Kichwa changu nani atakimalizia?

Kinyozi akatazama viatu vyake. Mjomba Bomba akakumbuka nyumba aliyoifungia maji tangu saa mbili, akakohoa. Hakuna aliyeinuka. Mteja akachungulia kioo cha simu.

— Mbona kafa huyo?

— Shimo la tatu, wakajibu kwa pamoja.

— Hebu nijaribu. Mara moja tu.

Wakajibana kumpa nafasi, akakaa. Akafa papo hapo, akajipiga paja kwa kicheko.

— Ngoja, ngoja, nimeshaliona kosa langu! Msiniguse!

Akafa tena. Simu haachii, na wenzake watatu wanaivuta. Dada Vitufe akawatazama, furaha ikampanda mpaka machozi yakamlengalenga. Asubuhi nzima wamekufa wee, na hakuna hata mmoja aliyesema amechoka.

— Nipeni simu! Naituma hatua kama ilivyo!

— Panga foleni, akasema Mjomba Bomba bila kuinua macho. — Mbele yako tuko wanne.

Dada Vitufe akatoa kompyuta mkobani, akaituma hatua yake, shimo na vyote, kisha akajibana mwisho wa benchi kusubiri zamu.