Sauti ya Nyuma ya Pazia, Kati ya Otema na Rosalba

Wachungaji wetu, mashehe mliofuatana na Mzee Tajudin, majirani, wafanyakazi wenzake marehemu, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu kuja kutusindikiza, familia inawaomba mvumilie, kwa maana historia hii imeandikwa na watu wenye hofu, na kuna mahali itasitasita. Mnauona msalaba pale mbele umefunikwa kwa kitenge, na tayari wengine wameanza kunong'onezana, basi sababu itasemwa tukifika mahali pake. Kwa sasa tunaanza na jina mlilomjua nalo hapa Kampala, Josias Mugisho.

Anayewasomea ni shemeji yake, kaka mkubwa wa mjane wetu Estelle, na hilo lenyewe si la kawaida, kwa sababu historia ya mtu husomwa na watu wa damu yake. Watu wa damu yake hawakukataa kuja, ila hakuna aliyethubutu kuwapigia simu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Juni 1981, mtoto wa tatu kati ya sita, katika kijiji kimoja cha milimani juu ya Bukavu, mashariki mwa Kongo, jina la kijiji linarukwa, na majina ya baba na mama nayo yanarukwa. Estelle amekuwa akiruka mahali hapohapo tangu alipoolewa, akiulizwa kanisani kwao mume wake ni wa wapi anajibu kwamba ni wa Bukavu, kisha anauliza bei ya mchele, na wanawake wenzake walikwisha kuzoea kwamba mazungumzo ya kwao Josias huishia kwenye mchele.

Alisoma shule ya msingi hapo kijijini kuanzia mwaka 1987, akamaliza sekondari mjini Bukavu mwaka 1999, si mwanafunzi wa kutajwa sana, ila alikuwa na kipaji kimoja kilichomtoa nje ya darasa mara nyingi, kuiga sauti. Alimwiga mwalimu wa Kifaransa, alimwiga padri, alimwiga jirani mwenye pua iliyoziba, na mama yake, tunavyosikia, alikuwa akicheka huku anatafuta fimbo.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa katika kibanda cha video pale kijijini, kutafsiri filamu za kigeni kwa Kiswahili huku zikiendelea kuonyeshwa, akishika kipaza sauti na kuwasemea wahusika wote, wake kwa waume. Mwezi Agosti 2004, mchana, ilionyeshwa filamu ya vichekesho yenye afisa mmoja mwenye kofia kubwa kuliko kichwa, na marehemu, akiwa nyuma na macho kwenye skrini tu, akampa afisa yule sauti ya mkuu wa watu wenye silaha waliokuwa wakitawala milima ile siku hizo, sauti ambayo kila mtu aliijua. Afisa akakalia kiti kibovu, akaanguka, ukumbi mzima ukapasuka kwa kicheko, halafu kicheko kikakatika ghafla, kwa sababu mkuu mwenyewe alikuwa ameingia na kukaa benchi la mbele, na marehemu hakuwa amemwona.

Mkuu yule hakukasirika, na hapo ndipo ubaya ulipokuwa, alisimama akicheka, akauliza kwa upole mwenye sauti anaitwa nani, na mtu mmoja akamjibu, jina lote pamoja na la baba. Marehemu alikuwa amejibana ndani ya kabati la kanda, magoti kidevuni, akilisikia jina lake likiitwa na kurudiwa kwa kicheko, kama mtu anavyomwita mtoto atoke mafichoni wacheze, na hakutoka mpaka sauti zilipoisha barabarani. Tangu siku ile, kicheko cha watu wengi kikianza kwa pamoja, macho yake yalikwenda mlangoni, na jina lake halikupita tena mdomoni mwake.

Aliingia Kampala tarehe 3 Septemba 2004, akajiita Josias Mugisho, jina la mjomba wa mama yake aliyekufa zamani, akauza mitumba katika soko la Owino kwa miaka miwili, akitangaza mashati kwa sauti sita tofauti, mpaka Mzee Tajudin alipomsikia na kumchukua akafanye kazi katika ukumbi wake wa video kule Kisenyi. Marehemu alikubali kwa sharti moja, lishonwe pazia zito, akae nyuma yake, asionekane na mtu. Mzee Tajudin alidhani ni maringo ya kisanii, akashona pazia jekundu la gharama, na baadaye, alipoambiwa ukweli, hakuuliza swali la pili, Mungu amjalie heri.

Tarehe 6 Desemba 2008, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa na dada yetu Estelle, na kabla ya ndoa alimweleza yote, jina akamwandikia tu bila kulitamka, akamwambia kwamba akiona ni mzigo asiubebe. Estelle aliubeba, na hofu ya mumewe ikawa yake, akajifunza kukaa akitazama mlango, akajifunza kusikiliza miguu ngazini, na kila lafudhi ya milimani aliyoisikia sokoni ilimfanya ageuze njia hata kama kikapu kilikuwa kitupu. Mungu aliwajalia Julienne, aliyezaliwa tarehe 2 Novemba 2009, na Esperance, aliyezaliwa tarehe 19 Mei 2013, na mabinti hawa walifundishwa kujibu Bukavu kabla hawajafundishwa kuhesabu.

Sasa tuseme kuhusu jambo lililowafanya wengi wenu mmjue, maana watu walilipa kiingilio mapema ili wasikie maneno yake kabla ya filamu, alipowalinganisha waongozaji wetu wawili wa vichekesho, Bwana Otema na Bi Rosalba. Wote wawili wako hapa, viti vya mbele, na kama kawaida yao hawakukaa karibu. Marehemu aligundua kwamba wote wawili wanapenda kichekesho kilekile, mtu aliyejificha kabatini, ila kila mmoja anakimaliza kwa njia yake. Kwa Otema, mwenye kabati anafungua kutafuta koti, aliyejificha anadondoka nje na sidiria shingoni, kelele, mbio, na mwisho wote wanakula wali pamoja. Kwa Rosalba, kabati halifunguliwi, anayemtafuta anachoka na kwenda zake, nyumba inauzwa, wapangaji wapya wanaingia na watoto wao, na yule bwana yumo bado, anachungulia kwenye tundu la ufunguo, watu wanacheka, kisha mmoja mmoja wananyamaza.

Kwa miaka mingi marehemu alimweka Rosalba juu, akisema Otema ni fundi wa kuangusha watu, hodari kweli, lakini hajawahi kukaa kabatini, ndiyo maana anadhani kuonekana ni jambo la kuchekesha, ilhali Rosalba anajua kabati linanukaje kwa ndani. Bwana Otema aliyasikia, akanuna msimu mzima, hilo tunalisema kwa upendo.

Mwaka 2019 Bi Rosalba alimpa filamu yake aitie sauti za Kiswahili, filamu ya mkuu wa kikosi anayeogopa kuku, na baada ya kukataa mara mbili alikubali, bila jina lake kuandikwa popote. Wiki ya pili ya maonyesho, wanaume wawili wenye lafudhi ya milimani wakafika ukumbini, wakamwambia Mzee Tajudin kwamba sauti ile wanaijua, wanataka kumwona mwenyewe. Mzee Tajudin akawaambia mwenyewe yuko ndani ya mashine, akawachelewesha kwa chai, na Estelle alipopata habari alifunga nyumba, akachukua watoto wakiwa na sare za shule, wakahamia pamoja na marehemu ghalani kwa Mzee Tajudin, Kisenyi, katikati ya magunia ya sukari, na huko walikaa karibu mwezi, Esperance akikatazwa hata kukohoa. Wanaume walirudi, wakarudi tena, na safari ya mwisho mmoja wao, akiwa karibu kulia, akasema wazi shida yao, dada yake anaolewa Nsambya, na familia inataka mtu wa kuendesha sherehe mwenye sauti ya kuchekesha.

Marehemu alipoambiwa alikaa juu ya gunia akacheka mpaka akashikwa na kwikwi, mara ya kwanza Estelle kumsikia akicheka bila kutazama mlango, kisha akasema hii ni filamu ya Otema kabisa. Hakwenda kwenye harusi ile, hofu haiishi kwa sababu imekosea mara moja, na Estelle hadi leo hajui kama wanaume wale walikuwa wawili tu. Lakini kuanzia hapo maneno yake ya kabla ya filamu yalibadilika, wasikilizaji wa siku nyingi mnakumbuka, akaanza kusema kwamba Rosalba anaijua hofu kuliko mtu yeyote mjini hapa, ila Otema anajua watu wanacheka nini mlango unapofunguka, hawamcheki aliyedondoka, wanafurahi kwamba ametoka.

Ugonjwa wa shinikizo la damu ulimwanza mwaka 2021, ukashuka kwenye figo, akawa anatibiwa hospitali ya Mulago mpaka mwisho. Mwezi Septemba mwaka huu, homa ilipopanda, muuguzi alimuuliza jina lake ili kupima fahamu, naye akalitaja lile la kuzaliwa, lote pamoja na la baba, kwa sauti yake ya ukumbini, wodi nzima ikasikia. Estelle hakumtazama mumewe, alikimbilia mlangoni kuangalia ni nani amegeuka, na jambo hilo, anasema, ndilo linalomuuma kuliko yote, kwamba jina la mumewe lilitoka mara moja tu baada ya miaka ishirini, na yeye akalipokea kwa kulikimbia.

Homa iliposhuka marehemu alimwita, pamoja na Julienne, akawaambia kwa Kiswahili cha kwao, na familia inayasoma maneno yake yalivyo: "Estelle, mutu ya Otema banamufungulia kabati, anatoka. Miye niko mutu ya Rosalba, niko bado mu kabati. Munifungulie." Alifariki siku ya Jumanne, tarehe 8 Oktoba 2024, asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Estelle.

Alhamisi fundi wa msalaba alikuja hapo matangani na rangi yake, akauliza aandike nini. Wengine wetu tulisema aandike Josias, tukakumbusha kwamba mkuu yule hatujui kama amekufa au amekuwa mkubwa zaidi, kwamba hatuwajui wote watakaokuja kuzika, kwamba watoto bado wadogo, na hayo yote ni kweli, na leo pia ni kweli, maana hata sasa kuna nyuso hapa ambazo familia haizitambui. Estelle alisikiliza mpaka tukaishiwa maneno, akasema, "Muandike jina yake. Nikitetemeka muniache nitetemeke." Akachukua kitenge chake mwenyewe akaufunika msalaba, ili jina lisionekane kabla halijasomwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Mulago, hasa muuguzi yule aliyeuliza jina na kulisikiliza mpaka mwisho, inawashukuru majirani waliopika na kukesha, kanisa, wafanyabiashara wenzake wa zamani wa Owino, Mzee Tajudin ambaye amelileta pazia jekundu na ndilo lililotandikwa juu ya jeneza, na waongozaji wetu wawili, ambao marehemu aliwapenda wote, na mkitaka kujua hatimaye alimchagua nani, basi tazameni tunachokifanya sasa.

Estelle, dada yetu, ondoa kitenge.

Guerschom Cirhuza, mwana wa Bisimwa na Nabintu, mzaliwa wa Kacirunga, aliyekuwa akikutafuta hatujui alipo, sisi tuliokupenda tuko hapa sote, mlango uko wazi, toka, upumzike kwa amani.