Mpira Ambao Leocadio Severino Hakuuomba

Jumamosi hii, tarehe 17 Januari 2026, Leocadio Severino anastaafu baada ya kuidakia timu yetu ya besiboli, Trapicheros, kwa misimu ishirini na miwili. Hakuna mchezaji aliyeitumikia klabu hii muda mrefu zaidi, na hakuna aliyezomewa zaidi na watu wake mwenyewe. Programu za sherehe huwa zinalisifu la kwanza na kulinyamazia la pili. Programu hii uliyoishika haitanyamaza.

Cayo, kama tunavyomwita wote, alizaliwa kwenye kambi ya wakata miwa nje kidogo ya Hato Limón. Mama yake, Doña Eduviges, aliuza yanikeke za moto, vile vimkate bapa vya unga wa ngano, kwenye lango la uwanja wetu, akizikaanga papo hapo. Kijana alikuja kujaribiwa kama mrushaji. Kocha wa wakati ule akamtazama mapaja, akamkabidhi barakoa ya chuma ya mdakaji na kumwambia achuchumae. Akachuchumaa mpaka magoti yakaisha.

Wapo wanaodhani mdakaji wa besiboli ni mwokota mipira. Ujinga mtupu. Wenzake wanane wanatazama upande wake. Yeye peke yake anawatazama wao. Yeye ndiye anayechagua mpira gani urushwe, na humwomba mrushaji kwa ishara za vidole zilizofichwa kati ya mapaja. Kwa kuwa taa za uwanja wetu ni aibu, Cayo alipaka kucha zake rangi nyeupe ya mkewe Miguelina ili vidole vionekane. Wapinzani walimcheka: "Cayo, harusi yako lini?" Naye, akiwa amechuchumaa nyuma yao, aliwajibu kwa upole wa kishetani: "Utaalikwa, kaka. Mama hajambo? Ile sukari bado inamsumbua?" Mpigaji alipogeuka kumjibu, mpira ulikuwa umeshapita.

Alikuwa na kanuni moja, na kila mrushaji aliyepita hapa aliisikia siku ya kwanza: mrushaji hakosei. Mpira ukipigwa, kosa ni la aliyeuomba. Kanuni hii ndiyo iliyomla.

Wote mnaikumbuka fainali ya Januari 2009. Kipindi cha mwisho, tunaongoza kwa alama moja, mpinzani mmoja amesimama kwenye kituo cha pili, na mrushaji wetu ni Yoendry Paniagua, mtoto wa miaka kumi na tisa. Wasaka vipaji kutoka ligi kubwa za kaskazini wamekaa nyuma ya wavu wakimpima. Sasa, adui akiwa kituo cha pili anaviona vidole vya mdakaji, kwa hiyo ishara hubadilishwa: ya kwanza ni ya uongo, ya pili ndiyo ya kweli. Cayo aliomba mpira wa kupinda. Yoendry, kwa hofu, akaifuata ishara ya kwanza. Akarusha wa moja kwa moja, katikati kabisa. Mpigaji akaupiga, ukaruka ukuta na kuwapa alama mbili, na ubingwa ukaondoka nao.

Chumba cha kubadilishia nguo kilijaa vipaza sauti vya redio. Cayo akasema, "Niliomba wa moja kwa moja. Kosa ni langu." Yoendry alifungua mdomo. Cayo akamwekea mkono kifuani: "Wewe nenda kaoge."

Mtoto alikwenda kuoga, na baada ya wiki chache alikwenda kaskazini na mkataba. Cayo alibaki na sisi.

Mlimfanya nini, mnajua. Kila alipochuchumaa, jukwaa la upande wa kushoto liliimba, "Cayo, omba samahani!" Wengine hawakusubiri hata kuingia uwanjani. Walimsimamia mama yake langoni: "Doña, mafuta haya umechagua mwenyewe, au umemwachia Cayo akuchagulie?" Naye aliwajibu, "Nunua au pisha." Lakini nyumbani alimuuliza mwanawe, kama mama yeyote angeuliza, "Mwanangu, kwa nini ulimwomba yule mtoto mpira ule?" Cayo akamjibu, "Nilikosea, mama." Doña Eduviges alifariki mwaka 2017 na jibu hilo.

Na viongozi wetu? Kiti cha kocha kilipokuwa wazi, walisema mtu aliyechagua vibaya siku kubwa kuliko zote hawezi kuchaguliwa kuongoza. Wakaajiri wageni, wakawafukuza, wakaajiri wengine. Cayo aliwafundisha warushaji wa makocha wote hao, bila cheo.

Mwezi uliopita Yoendry, ambaye naye amemaliza kazi yake, alikuja kwenye chakula chetu cha mwaka. Mbuzi akiwa bado mezani, alisimama akasema ukweli wote mbele yetu, na akataka uandikwe humu. Cayo ndiye aliyemjibu, na alikuwa amekasirika.

"Nani kakutuma? Ulikuwa mtoto."

"Nina miaka thelathini na sita sasa, Cayo."

"Basi mwache yule mtoto apumzike."

Hapa ndipo mwandishi wa kurasa hizi anapotofautiana na anayemuaga. Kanuni yake ilimwokoa kijana, na kwa hilo astahili heshima yote. Lakini iliwapa pia viongozi mtu wa kulaumiwa bila gharama, na ikawapa mashabiki haki ya kumtukana mama wa watu kwenye kazi yake. Watatokea wa kusema ule ni ushujaa, tupige makofi twende zetu. Hapana. Ushujaa wa mtu mmoja usiwe mto wa kulaliwa na mji mzima. Aliyezomea ajue alimzomea nani.

Baada ya chakula kile Yoendry aliomba kupelekwa makaburini kwa Doña Eduviges. Cayo alimpeleka kwa gari lake, akamwonyesha njia kati ya misalaba, lakini yeye mwenyewe akabaki getini na kofia mkononi. Yoendry alimsihi waingie pamoja.

"Ingia umwambie wewe," Cayo akasema. "Mimi nilishamwambia langu."

Tunakushukuru, Cayo, kwa kila mpira uliouzuia kwa kifua na kila kidole ulichovunja kwa ajili ya jina la klabu hii. Wewe na Miguelina mpate asubuhi ndefu zisizo na safari za basi, magoti yapungue maumivu, na mji huu ujifunze kulitaja jina lako vizuri, ingawa aliyestahili kulisikia hivyo kabla yetu sote hayupo tena.