Mama Victorine Alisema Jumamosi

Wasikilizaji wapendwa, leo ni Jumamosi, na simu ya kwanza haitalia. Mnaijua simu ya kwanza. Tangu mimi, Khatibu, nianze kuongoza kipindi cha michezo hapa Fordsburg, Johannesburg, simu ya kwanza ilikuwa ya Mama Victorine wa Malvern. Hakusubiri nimalize salamu. "Papa Khatibu, wewe mutu ya football, nyamaza kidogo usikie mambo ya basket." Nami nilikuwa nanyamaza.

Mama Victorine ametutoka. Narudia kwa anayefungua redio sasa hivi: Mama Victorine, msusi wa Jules Street, shabiki wa Reef Hammers, timu ambayo sisi tunaiita Nyundo, amefariki dunia. Presha ilimpanda akiwa saluni, kichwa cha mteja kikiwa kimesukwa nusu. Walimfikisha hospitali, hakurudi. Tumemzika juzi.

Alizaliwa Bukavu. Alicheza basket katika shule ya masista, mfupi kuliko wenzake wote, na kwa maneno yake mwenyewe, mwenye mdomo kuliko wote. Alikuja Johannesburg na binti yake Héritière mgongoni. Alianza kusuka kando ya barabara, kiti cha plastiki na mwavuli, mpaka akapata chumba chenye kioo. Mdogo wake alipofariki hapo hapo Malvern, aliacha mtoto, Hénock. Mama Victorine akamchukua. Hénock alimwita mama mkubwa, kama desturi ilivyo, lakini ukiwaona pamoja usingejua kwamba hakumzaa.

Huyo Hénock ndiye mliyemjua baadaye akiwa na jezi ya Nyundo, mpanga mchezo, yule kijana wa mistari ya nywele. Mistari hiyo ilikuwa kazi ya mama yake mkubwa. Hakuna mkono mwingine uliowahi kugusa kichwa chake. Ijumaa kabla ya mechi ya nyumbani alikuwa anaketi kwenye kile kiti, na wateja wanasubiri, hata awe bibi harusi. "Kichwa ya mutu, ukiishika, unajua kama amelala vizuri," Mama Victorine aliniambia. "Hénock akidanganya, miye nasikia ku vidole."

Na uwanjani? Alikuwa na kona yake. Akina mama wa kanisani kwao walinunua kikwembe cha aina moja, kitenge cha njano na nyeusi, wakashona sare kama watu wa harusi. Walipiga vigelegele kwa ribaundi, ule mpira unaodakwa baada ya kukosa kikapu, kuliko kwa kikapu chenyewe. Yeye ndiye aliyewafundisha. Alisema kikapu kila mtu anakiona, ila ribaundi inamtaka mtu wa kuitetea.

Sasa nifike kwenye msimu huu, wasikilizaji wapendwa. Sipendi kufika, lakini nitafika.

Msimu ulianza vibaya. Nyundo walikuwa na wachezaji watatu wazuri wa kucheza mbali na kikapu na hawakuwa na mtu wa kusimama chini ya kikapu. Robo ya kwanza tunaongoza, robo ya nne tunapanguswa kama vumbi. Dirisha la kubadilishana wachezaji lilikuwa karibu kufungwa. Timu ya Durban ilikuwa na jitu moja refu lililokaa benchi. Swali la mji mzima likawa moja: tutoe nani, tupate yule mrefu?

Jumamosi ile Mama Victorine akapiga simu, akachambua. Nahodha Placide? Goti limechoka, Durban hawatamtaka. Claude, yule wa kurusha kutoka mbali? Huyo ukimtoa, wapinzani wote watajaa ndani. Mimi, katika kuchangamsha kipindi, nikamwuliza, "Sasa Mama, ungekuwa wewe kocha, ungemtoa nani?"

Mama Victorine, ambaye hakuwahi kunong'ona hata mbele ya padri, alishusha sauti. Kisha akasema:

"Hénock. Ni mutoto yangu, nampenda. Lakini timu inakosa mutu murefu, na Durban watakubali yeye tu. Kama ni timu, njo vile."

Simu zikamiminika. Wapo waliosema huyu mama ni shabiki wa kweli, amekata nyama ya mwilini mwake. Mimi nikampa cheo hapo hapo hewani, Kocha Mkuu wa Jules Street. Tulicheka sana asubuhi ile, nyinyi na mimi.

Hénock hakucheka. Alikuwa kwenye basi la timu. Placide alikuwa amefungua redio kwenye simu yake, sauti juu, kama kila Jumamosi, kwa sababu basi zima lilipenda kumsikia Mama. Placide ameniambia hivi: "Nilitafuta kitufe cha kuzima, nikachelewa. Mutoto aliangalia dirisha mupaka uwanjani."

Kwa watu wa kwao, neno zito la familia hupita kwanza nyumbani. Linasemwa mlango ukiwa umefungwa, mkubwa akiwepo, kisha ndiyo majirani walisikie. Mama Victorine aliyajua hayo kuliko mimi. Jana yake, Ijumaa, alikuwa na kichwa cha Hénock mikononi, na neno lilikuwa tayari kooni. Héritière anasema mama yake alisuka bila kuongea, akamaliza, akampaka mafuta, akamwambia nenda ukalale. "Mama alisema huwezi kumupa muchezaji neno baya siku moja mbele ya mechi," Héritière aliniambia. "Alitaka kumwambia Jumapili, misa ikiisha. Lakini wewe, Papa Khatibu, ukamwuliza Jumamosi."

Ndiyo. Nilimwuliza Jumamosi.

Jumatatu timu ikatangaza: Hénock anakwenda Durban, mrefu anakuja Johannesburg. Hénock alikusanya nguo zake wakati hakuna mtu nyumbani. Na hapo, wasikilizaji wapendwa, Nyundo wakaanza kushinda. Yule mrefu alizoa ribaundi kama anaokota maembe. Tukaingia nusu fainali. Kila alichosema Mama Victorine kilitimia, na hakukifurahia hata kimoja.

Nilimwona uwanjani siku ya ushindi wa kwanza. Kona yake nzima ilikuwa imesimama, vikwembe vinapepea. Yeye alikuwa amekaa, mkoba mapajani. Nikamwambia, "Kocha Mkuu, tumeshinda." Akasema, "Usiniite vile tena, Papa." Na mimi, mpumbavu, Jumamosi iliyofuata nikamwita tena.

Kila Jumapili baada ya misa alimpigia Hénock. Simu ililia Durban, haikupokelewa. Alikuwa anaiweka mezani, sauti wazi, ili Héritière naye asikie ikilia. Alisema, "Nimemuuza mutoto ya ndugu yangu ku redio." Binti yake akamwambia, hapana Mama, umesema ukweli tu. Akajibu kwamba ukweli nao una mlango wa kupitia.

Juzi makaburini Hénock alikuja. Nyumbani kwenye matanga akakaa kwenye mkeka pembeni. Na watu wote tukakiona kichwa chake. Ilikuwa ile ile mistari ya Ijumaa ile. Imefumka, imejaa vumbi, nywele mpya zimesukuma kutoka chini, lakini ni ile ile. Placide alimwuliza kwa upole kwa nini hajaifumua. Hénock anajua Kiswahili cha saluni tu, mengine kwake ni Kizulu na Kiingereza. Alijibu kwa hicho hicho cha saluni, akimwita yaya, yaani kaka mkubwa: "Nilikuwa na hasira, yaya. Lakini kufumua, hapana."

Kisha akaingia Murielle, anayeshughulikia usajili wa Nyundo, na shada la maua. Akatoa pole. Akasema timu inamshukuru Mama kwa kuipenda hivyo. Héritière akamjibu kwamba mapenzi hayo ndiyo yaliyompeleka Hénock Durban. Murielle akashangaa.

"Dada, hapana," akasema. "Tulikubaliana na Durban Alhamisi. Tulisubiri Jumatatu kutangaza, karatasi zikamilike. Mama hakumpeleka mtu popote."

Alhamisi, wasikilizaji wapendwa. Timu iliamua Alhamisi. Mama Victorine alisema Jumamosi. Yeye alikufa akiamini kwamba ni ulimi wake. Hénock aliamini. Mimi nilimpa cheo kwa jambo ambalo hakulifanya. Na Murielle alikuwa na jibu wakati wote, ofisini kwake, wala hakulificha. Hakuna aliyemwuliza.

Hénock aliinuka mkekani. Kisha akasema, "Eish. Basi nilimununia bure." Hakumwambia mtu. Alikisemea kile kiti kilichokuwa kimetolewa saluni na kuwekwa ukutani.

Matanga yalipofungwa, kama desturi inavyotaka, wafiwa walifumua nywele. Héritière alimkalisha Hénock kwenye kiti cha mama yake, akachukua kitana chenye mkia mrefu, akaanza nyuma ya sikio. Alifumua taratibu, mstari kwa mstari, kama anayeogopa kumwamsha mtu. Hénock aliziomba zile nyuzi zilizosukwa na nywele zake. Akazikunja, akatia mfukoni.

Kwa niaba ya redio hii na ya kila mmoja wenu aliyecheka na mimi asubuhi ile, natoa pole kwa Héritière, kwa Hénock, kwa akina mama wa kikwembe cha njano na nyeusi, na kwa ndugu walioko Bukavu. Mungu ampumzishe Mama Victorine mahali ambapo hakuna anayemwuliza amtoe nani.

Na wewe unayenisikiliza, uko Rosettenville unafungua duka, uko Malvern unamsubiri mteja. Huenda kuna mtu umemnunia kwa neno ulilolisikia kwa watu, au simu yake unaiacha ilie. Majuto ni mjukuu, huja baadaye, na huku kwetu amekuja na nywele zimefumka. Mpigie. Mwulize ilikuwaje.

Sisi hatukuuliza.