Nusu ya Wimbo ya Mzee Fortunato

Wasikilizaji wapendwa, leo mji wetu wa Oruro umepungukiwa. Mzee Fortunato Colque ametutoka. Fortunato, mchimbaji wa bati, mpiga filimbi ya matete. Wenye umri wangu mnamkumbuka. Kifua kile kilikuwa kikiamsha mtaa mzima wakati wa sikukuu.

Filimbi zetu huenda mbili mbili. Nusu ya sauti anayo huyu, nusu anayo mwenzake, wanapokezana mpaka wimbo utimie. Mwenzake Fortunato alikuwa Hilarión Ticona, tangu ujana wao. Kisha vumbi la mgodini likamharibia Fortunato mapafu. Akawa hawezi hata kuvaa viatu bila kupumzika. Hilarión akaletewa wapigaji wengine, akawakataa wote. "Namngoja mwenyewe," akasema, akatundika filimbi yake ukutani.

Ndipo Fortunato akaanza mazoezi ya mapafu hospitalini. Kila mwezi muuguzi Nélida alimtembeza koridoni dakika sita, na pale alipoishia akabandika utepe mwekundu sakafuni. Utepe wa kwanza ulikaa karibu na benchi, pua na mdomo na mahali alipoanzia. Aibu ilimshika, jamani, mwanamume aliyezoea kubeba mawe! Baadaye utepe ukafika dirishani. Baadaye, mlango wa famasia.

Akampigia simu Hilarión huku anahema. "Nimefika famasia!"

"Basi ninunulie pumzi na mimi, mzee wewe!"

Bintiye, Basilia, anakumbuka: "Nélida alimfundisha kutoa pumzi polepole, midomo ameibana. Baba akacheka mpaka akakohoa. Akamwambia Nélida, 'Binti, si ungesema tu nipige filimbi!'"

Mwezi Mei mwaka jana, Sikukuu ya Msalaba, Fortunato alisimama tena mbele ya Hilarión. Walipiga wimbo mmoja tu, polepole kuliko zamani, na wakaumaliza. Watu wazima tulilia, wala hatukuona haya.

Mapafu hayakupona, tusidanganyane. Lakini wimbo ule aliupata. Basilia, na ukoo wote wa Colque, poleni sana. Na wewe mchimbaji unayekohoa ukisingizia baridi, hebu jifikirie. Nenda kapimwe.

Hilarión yuko nami hapa studio, na filimbi yake. Nimemuuliza atapiga na nani. Amenijibu, "Na yule yule."

Kwa hiyo, wasikilizaji wapendwa, mkisikia kimya katikati ya wimbo, msiguse redio zenu. Hapo ni zamu ya Fortunato.