Munkoyo, Kapteri na Mguu Wangu

Ndugu zangu wenye sukari, mmeniletea kiti, asanteni, lakini nitasimama. Mguu huu wa kulia ulikuwa ukatwe.

Kidonda kidogo cha kiatu kilikaa miezi minne bila kufunga. Daktari akaniambia, sukari isiposhuka, tutakata. Mimi ni katekista hapa Katuba. Natembea nyumba kwa nyumba kuombea wagonjwa. Bila mguu, ningewafikiaje?

Na nilijiona mtu mwangalifu! Kila asubuhi kabla ya kula nilijichoma kidole, nikaona namba si mbaya, nikamshukuru Mungu. Mchana wote sikupima tena. Pombe sijaonja tangu ubatizo. Nilikunywa munkoyo tu, kinywaji chetu cha mahindi, kile wanachotupikia mama wa kanisa. Nilikiita kinywaji cha watakatifu.

Binti yangu, muuguzi, akaja kutoka Makomeno na kapteri: kifaa kama kifungo cha koti, kinabandikwa nyuma ya mkono, na simu inasoma sukari saa yoyote.

Jumapili baada ya ibada nikanywa vikombe viwili. Haikupita saa, simu ikalia. Mzee mwenzangu akacheka: "Papa, Mungu iko anakuita ku telefone?"

Mke wangu akaishika. "Mia tatu! Umekunywa nini?"

"Munkoyo tu."

"Munkoyo tu! Na sukari yote ile tunatia mule ndani?"

Nikasema mashini ni mbovu. Kesho yake saa ileile nikanywa maji, namba ikatulia. Keshokutwa yake nikanywa munkoyo, ikapanda mbele ya macho yangu. Mke wangu akasema, "Mashini haisali, papa, lakini haidanganye muntu."

Ndugu zangu, nawaambia, nilitubu mbele ya kikombe. Nikapunguza bukari pia, ugali wetu, nikafuata dawa, nikaangalia simu baada ya kila mlo. Mwezi wa tatu tangu hapo daktari akafungua bendeji, akaita wenzake waje waone: kidonda kimefunga! Juzi nimetembelea wagonjwa saba kwa miguu, na aliyeomba tupumzike ni yule mzee mwenzangu.

Namshukuru Mungu. Namshukuru binti yangu, maana vifaa hivi si rahisi kuvipata. Mke wangu, kwa ulimi wake. Na mama wa kanisa, ambao sasa wananiwekea maji bila kununa. Nililojifunza ni hili: kitu kisicho dhambi kinaweza bado kumkata mtu mguu. Pimeni kwanza, ndipo mshukuru.